Sikio la Kulia na Simu ya Jumapili

Mwanangu Mwasiti,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Asubuhi nimekuona ukifakamia mihogo na chai kama mtu anayehama nchi, kisha ukapanda gari la Kilosa kwenda kumuaga shangazi yako na kulizuru kaburi la mama yako. Utarudi jioni. Kesho basi la Dar litakuchukua hapahapa Mikumi, mbele ya duka, na mimi nitasimama nikijifanya nina shughuli na mizani. Kwa hiyo naandika sasa hivi, wateja wakiwa wachache, ili barua hii niipenyeze kwenye begi lako kabla hujafika.

Ya kufunga mlango, kula kwa wakati na kuchagua marafiki sikuandikii. Hayo shangazi yako atakuwa amekushibisha leo, namjua dada yangu. Mimi nina jambo moja, nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jambo lenyewe ni hili: sisikii simu.

Sisemi mtandao mbovu. Mtandao ungekuwa mbovu ningemtukana mwenye mnara nikanyamaza. Nasema sikio. La kushoto limekwisha kabisa. La kulia bado linasikia mtu akiwa karibu, hasa nikimtazama mdomo. Lakini simu nikiiweka sikioni nasikia mchakarisho tu, kama mtu anapepeta mpunga chumba cha pili. Nilikwenda hospitali Kilosa ile siku niliyokwambia nafuata sukari ya jumla. Daktari, kijana mpole, akaniambia mishipa ya kusikia imechoka na dawa yake hakuna. Akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi kwenye mashine zenye kelele?" Nikamwambia nilikuwa nafanya kazi kwenye simu. Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa sikuona cha kuchekesha.

Na wewe umeninunulia simu! Umejinyima hela za tuisheni, umeiwekea laini, umenionyesha kitufe cha kijani na chekundu, ukasema, "Baba, kila Jumapili baada ya adhuhuri nakupigia, tunaongea mpaka salio liishe." Nikaitikia, "Sawa, mama." Juzi ukaenda nyuma ya nyumba ukanipigia kwa majaribio, ukauliza kama nakusikia, nikakujibu nakusikia vizuri sana, sauti safi. Mwongo mkubwa mimi. Nilikuwa nakuona dirishani, nikasoma midomo yako.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungesema baba hawezi kubaki peke yake, ungeshusha begi, na ile kazi uliyoipata Dar angeichukua mtoto wa mwenzangu. Nataka uende. Lakini nataka pia nikusikie, Mwasiti, na hivi vitu viwili vimenikaa shingoni, havimezeki wala havitemeki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza niache nimalizane na hiki kidude chako, maana kimeniudhi. Simu ya reli, ya kazini kwangu zamani, ilikuwa haina maswali. Unaikoroga, unanyanyua, unasema. Hii inahoji watu kama askari wa mpakani. Inataka namba ya siri. Nikaweka mwaka aliozaliwa bibi yako, halafu nikakumbuka kwamba mwaka aliozaliwa bibi yako hakuna aliyewahi kuujua. Nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, ikajifunga, ikadai namba nyingine ndefu iliyo kwenye kadi, na kadi umeiweka wewe unakokujua. Kutwa nzima nikawa na simu yangu mwenyewe isiyonitambua. Mama Chausiku, huyu jirani anayeuza vocha, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Halafu kuandika meseji. Nabonyeza nianze neno, yenyewe imeshaamua nataka kusema nini, tena kwa Kiingereza. Nani kakuuliza? Nikaibadilisha iwe ya Kiswahili, ikaanza kunisemesha Kiswahili cha mtu aliyejifunzia lugha gerezani. Wewe ulisema nitazoea. Nitazoea, sawa, lakini fundi aliyetengeneza kitu hiki ningependa nikae naye kikao kimoja, na kahawa nitanunua mimi.

Na uvumi, mwanangu, uvumi! Hapa Mikumi sasa hivi wanasema kuna namba nyekundu, ukiipokea unaanguka unakufa. Mzee mmoja wa Kimasai, yule anayenunua betri za tochi kwangu, ameizima yake ameifunga kwenye shuka, anasema ataiwasha wenye mji wakishatulia. Nikamwuliza, "Sasa watoto wako wakikutafuta?" Akajibu, "Wanajua ng'ombe wanakunywa maji wapi." Mimi namba nyekundu siiogopi. Naogopa wale wanaonitumia meseji kwamba nimeshinda gari, maana nashindwa kuelewa wamelipata wapi jina langu.

Mama Chausiku amenisimulia kwamba redioni kulikuwa na mtaalamu, amesema mazungumzo ya simu hizi ni siri, hakuna mtu katikati anayesikiliza. Nilicheka peke yangu dukani. Mimi nimekuwa mtu wa katikati ujana wangu wote, huyo mtaalamu atanieleza nini?

Hujapata kunisikia nikieleza vizuri kazi yangu ya reli. Ulikuwa mdogo walipotupunguza. Nilikuwa karani wa simu stesheni ya Kilosa, na waya ule ulikuwa mmoja kwa stesheni zote, toka Morogoro mpaka Dodoma na kuendelea. Kazi yake ilikuwa treni: imeondoka, imefika, ipishwe, isubiri. Lakini yeyote akinyanyua mkono wa simu stesheni yake anawasikia wote. Majina yetu tulikuwa tumeyasahau, tunaitana kwa stesheni. Mimi nilikuwa Kilosa. Watu waliniita Kilosa hata msibani. Na kwenye zamu ndefu ya usiku na mchana bila treni, unafanya nini? Unanyanyua polepole, unaziba kwa kiganja, unasikiliza. Tulijua nani kafumaniwa, nani kahamishwa, nani mkewe amejifungua pacha. Kulikuwa na mmoja tulimwita Redio, kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, jioni limefika Kigoma.

Nilikuwa na rafiki, Shomari, aliyekuwa akibadilisha njia za treni palepale stesheni. Tulikula sahani moja. Siku moja asubuhi nikanyanyua simu kwa tabia ile ile, nikawakuta Dodoma wanazungumza na Morogoro. Baba yake Shomari amefariki. Dodoma anasema mkuu wa stesheni ya Kilosa aarifiwe kwa utaratibu, amtafute imamu na kaka yake Shomari, wamsubiri atoke kazini, waende naye nyumbani. Unajua tunavyofanya. Mtu haambiwi msiba njiani. Anakalishwa kwake, analishwa kwanza, anaambiwa mzee hali haikuwa nzuri, kisha hali imekuwa mbaya, na wakati neno lenyewe linafika, tayari kuna watu wawili wamemshika mabega.

Nikaweka simu chini. Saa ya mapumziko nikaenda sokoni kutafuta nyanya, nikamkuta Shomari anachagua perege. Na mimi kichwani mwangu habari ilishakuwa yangu, nimeishika tangu asubuhi, nimemsikitikia, nimeshamwombea mzee. Nilisahau kabisa kwamba yeye hajui. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Pole sana, ndugu yangu. Mungu amlaze pema mzee."

Akaniangalia. "Mzee gani?"

"Aa, samahani, nimechanganya."

"Mzee gani, Ramadhani?"

Nikainamisha macho kwenye kikapu changu, na hapo akajua. Akakaa chini, palepale kwenye magamba ya samaki na maji machafu, watu wakimruka kupita, muuza samaki akimwambia, "Bwana, usinizibie biashara." Hakulia. Alikuwa ameshika samaki bado. Mimi nilisimama juu yake na kikapu changu sijui nikiweke wapi.

Baadaye, matanga yalipokwisha, nilimwendea kumwomba radhi. Hakunikasirikia, na nilitamani angenikasirikia. Aliniambia tu, "Laiti ningekuwa nimekaa kwangu." Basi. Tukaendelea kula sahani moja, lakini kila perege akiwekwa mezani Shomari alikuwa anakula ugali na mchicha.

Sasa, aliyekuwa akipokea ile habari upande wa Morogoro alikuwa mwanamke. Karani mpya, simjui. Siku ya pili yake simu yangu ikalia.

"Kilosa!"

"Kilosa hapa."

"Ni wewe uliyenyanyua jana tukiwa tunaongea na Dodoma?"

Nikaziba kwa kiganja, lakini nilishachelewa.

"Nasikia unapumua. Usijifanye waya umekatika."

"Ni mimi."

"Ile habari ilikuwa na mwenyewe. Nimeipokea kwa mikono miwili, nimeipanga imfikie mtu kwake akiwa na watu wake, wewe umeidokoa kama paka. Huoni haya?"

Nilisikia haya mpaka kwenye kucha, maana nilikuwa najua fika kwamba waya mzima unasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nikasema naomba radhi. Akasema, "Usiniombe mimi," akaweka chini. Huyo ndiye mama yako, Mwasiti. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonitamkia duniani.

Na mimi, mpumbavu, nilipoweka mkono wa simu nilikuwa nimeaibika na kitu kingine tena. Sauti ile haikunitoka. Ilikuwa nzito kidogo kwa mwanamke, na alipokasirika haikupanda, ilishuka. Wiki ile nikaanza kumwuliza mambo yasiyo na maana. "Morogoro, mizigo imeondoka?" "Imeondoka, Kilosa, umeshaniuliza." "Morogoro, huko mvua inanyesha?" "Kilosa, mvua inahusiana nini na treni?" Ikaendelea hivyo mpaka siku moja Redio akashindwa kuvumilia, akaingilia, "Jamani, mwambie basi, sisi wengine tuna kazi!" Waya mzima ukaangua kicheko. Mama yako naye akacheka, ndipo nilipomsikia akicheka mara ya kwanza.

Nilikwenda Morogoro na pasi yangu ya reli, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Sikuwa naijua sura yake. Chumba cha simu kilikuwa na wanawake wawili. Nikasalimia. Mmoja akaitikia kwa kichwa. Wa pili akasema, "Karibu." Neno moja tu, nikaijua sauti. Nikamgeukia huyo wa pili nikasema, "Mimi Kilosa." Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Nilidhani u mrefu zaidi."

Tulichumbiana kwenye waya unaosikilizwa na stesheni zote, na hapo ndipo nilipojiharibu. Huwezi kumwambia mtu neno la ndani huku Redio anapumua pembeni. Tukawa tunasema kwa treni. "Ya saa nane imechelewa lakini inakuja," hapo nimesema nakukumbuka. Yeye ananijibu, "Njia iko wazi." Ilikuwa tamu, sikatai. Tatizo ni kwamba tulipooana, tukakaa nyumba moja, mlango umefungwa, hakuna anayesikiliza, mimi nikaendelea kuongea vilevile, kama kwamba makarani wa stesheni za Kidete na Gulwe wote wako chini ya kitanda. Nilikuwa nasema mchuzi leo mzuri. Nilikuwa nasema nimekuletea khanga, iko hapo. Yeye alinisubiri miaka. Kuna siku alinichokoza, "Bwana, mimi siko stesheni, niko hapa," nikacheka nikaenda kuangalia kuku.

Alipougua, ulikuwa shuleni, nilikuwa nashinda naye hospitali. Mchana mmoja, jua kali, wauguzi wamekwenda kula, akanishika mkono akaniambia, "Kilosa, sema." Nilijua anachotaka. Kilikuwa kimeiva. Nikasema, "Pumzika, utapona." Akafumba macho, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyezoea. Alikufa Ijumaa ya wiki ile. Mwanangu, nimejutia mambo mengi, nimejutia hata kuuza baiskeli ya babu yako, lakini hilo linaamka na mimi kila siku na kunywa chai na mimi.

Nimemkumbuka sana leo. Tangu ulipoanza kukunja nguo zako nimemkumbuka kupita kiasi.

Hakuna mahali sauti yake imehifadhiwa. Reli walipunguza watu, waya wetu ukakatwakatwa na wezi wa shaba, nikahamia huku kwenye barabara kuu kuuza betri na sabuni kama watu wengine wote waliotupwa na wakati ule. Picha zake ninazo. Sauti sina. Nilianza kuisahau, nikawa naikamata kwa shida, leo neno hili, kesho lile. Kisha ukafika kidato cha pili, na alasiri moja ukaniita kutoka jikoni, "We, baba! Chumvi iko wapi?" Nikaangusha kikombe. Ulifikiri nimeungua. Ilikuwa ni yeye, Mwasiti. Nzito vilevile, na ukikasirika inashuka vilevile. Tangu siku ile nimekuwa nikikuuliza maswali ya kipuuzi ili uongee, na wewe unasema baba amezeeka anasahau.

Mwezi uliopita nilijaribu kukunasa. Ulinionyesha kwamba simu hii inarekodi. Ukawa unaimba unafua, nikajibanza mlangoni, nikabonyeza kama ulivyonifundisha, ikarekodi kweli, namba zinakimbia kwenye kioo, moyo wangu unakimbia nazo. Nilipomaliza ikaniuliza swali. Nikadhani inaniuliza kama nihifadhi, nikajibu ndiyo. Kumbe ilikuwa inauliza kama ifute. Hata hivyo nikisikiliza kwenye hicho kispika chake ningesikia pumba tu. Lakini ningejua imo humo ndani, na hilo peke yake lingenitosha.

Kwa hiyo unaona hesabu yangu ilivyo. Nimempoteza, nikampata tena kwenye koo lako, na sasa wewe unaondoka na sikio nalo linaondoka, vyote kwa basi moja. Nakuambia wazi, naumia.

Na unakwenda kufanya kazi gani? Kupokea simu za watu! Ulipotaja mara ya kwanza nilitoka nje, ukasema baba hajafurahi. Nilifurahi mno. Utakaa mezani na kile kitu cha kichwani, watu wa nchi nzima watakusikia, wengine watapiga kwa hasira kwamba vocha yao imemezwa, na watakutana na sauti ya mama yako. Watanyooka wenyewe.

Ila umeniambia kwamba kompyuta yenu mtu akipiga inaonyesha kila kitu: kampigia nani, saa ngapi, kaongea kwa muda gani. Mwenzangu, hapo nimeshtuka. Sisi tulisikia kwa kuiba, nyinyi mnaletewa kwenye sinia. Atakuja mtu, na hatakuja adui. Atakuja rafiki yako wa chumbani, au mtu aliyekusaidia, atasema, "Shoga, niangalizie tu mume wangu anampigia nani." Ataongea kwa machozi, na utaona huruma, na utaona ni kitu kidogo, kubonyeza tu. Mimi sina elimu ya kukupa hapo. Ninachokupa ni Shomari amekaa kwenye magamba ya samaki. Hata mimi nikikuomba, ninyime. Hata shangazi yako, na huyo ataomba, nakuhakikishia, ataanza na mkwe wake.

Sasa turudi kwenye Jumapili.

Mama Chausiku anajua habari ya sikio, alinigundua zamani kwa vile nilikuwa nikiitikia "salama" kwa kila swali. Akaniambia, "Baba Mwasiti, usihangaike. Mtoto akipiga tunaweka spika, mimi nasikia, nakurudishia kwa sauti." Tukajaribu alipopiga baba yako mdogo wa Tabora. Ee Mungu wangu! Mdogo wangu anaeleza ngiri yake, Mama Chausiku anaipaza kwa herufi kubwa, dukani kuna wateja, kuna madereva wa malori wamesimama kununua maji. Dereva mmoja akasema ngiri hutibiwa kwa mizizi fulani. Mwingine akapinga. Mama mmoja aliyeshuka kutoka Vidunda na ndizi zake akamshauri mdogo wangu moja kwa moja, na mdogo wangu akamjibu! Waliongea wao. Mimi nilikuwa nimeshika simu tu, kama mshika taa harusini. Alipokata, wote wakaniambia pole.

Spika sitaki. Siku utakapokuwa na huzuni hutaimwaga mbele ya madereva wa malori, utasema niko salama baba, na mimi nitaletewa hilo salama na Mama Chausiku. Tutaanza kuongea kwa treni tena. Sikubali, nimeshalipa gharama yake.

Jana nimefungua gazeti lililofungiwa vitumbua, nikakuta habari kwamba nchi za watu kuna simu unamwona unayeongea naye, uso wake, anavyocheka. Nikawasomea hapa dukani. Mama Chausiku akasema hiyo ni balaa, nani anataka kuonekana asubuhi na matongotongo? Wote wakacheka. Mimi nikaenda nyuma ya duka nikajifuta macho. Mimi naitaka. Nikionyeshwa midomo yako nitajua kila neno. Wewe si unakwenda huko kwenye kampuni ya simu? Waulize wakubwa zako inakuja lini. Waambie kuna mteja Mikumi anaisubiri, ameshanyoa ndevu.

Mpaka hapo, meseji. Nitapambana nayo, nitaishinda. Umelipwa, umeugua, umehama chumba, umempata mtu wa maana au amekuudhi, niandikie, nami nitakujibu hata kama kidude hiki kitataka kunigeuza Mwingereza. Ukifika kesho nibipu, nitaona jina lako kwenye kioo, nitalala.

Lakini Jumapili piga, Mwasiti. Hilo ndilo ombi langu, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Usiseme baba hasikii, nitatuma meseji. Piga kama tulivyopanga. Simu itatikisika mfukoni, nitamwachia Mama Chausiku duka, nitakwenda kukaa nyuma, kwenye lile tofali, niiweke kwenye sikio la kulia. Usipaze sauti, haitasaidia na watu wa huko watakushangaa. Usiniulize "umenisikia?" Ongea tu, kama ulivyokuwa ukiongea jikoni, ya kazini, ya chakula, ya watu waliokuchekesha. Mimi nitasikia mpunga unapepetwa, na nitajua ni wewe unayepepeta.

Kisha utanipa nafasi, mchakarisho ukikoma nitajua ni zamu yangu, na mimi niseme. Wewe sikio lako ni zima. Nitakwambia nakupenda, nitakwambia nilivyompenda mama yako na kila kitu alichokuwa akikifanya, nitasema yote niliyoyaweka, kwa majina yake, bila treni. Nisikilize wewe kwa niaba yake. Salio likiisha, usihuzunike, limeisha tu. Mimi sitajua. Nitaendelea kuongea mpaka Mama Chausiku aje anishike bega.

Baba yako,
Ramadhani